Anayekata Upepo

Ipo picha moja ya mwaka 1934 ambayo Wafaransa wapenda baiskeli wanaifahamu kama sisi tunavyoifahamu ile ya Nyerere amebebwa juu juu na bango la uhuru wa 1961. Kijana wa miaka 20 amekaa juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara ya milimani. Pembeni yake kuna baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Kijana analia.

Jina lake René Vietto. Kabla ya hapo alikuwa kijana wa kazi hotelini, huko Cannes. Mwaka ule aliingia Tour de France kwa mara ya kwanza na akawa anapanda milima kuliko wakubwa zake wote. Sasa siku hiyo, kwenye milima ya Pyrenees, kiongozi wa timu yake, Antonin Magne, aliyekuwa amevaa jezi ya njano, alianguka akavunja gurudumu. Gari la vipuri lilikuwa mbali nyuma. Vietto akafungua gurudumu lake, akampa. Magne akaondoka. Vietto akabaki ukutani akisubiri gari, huku aliokuwa amewaacha wakimpita mmoja mmoja.

Kesho yake balaa likarudi. Magne alipata hitilafu tena, safari hii Vietto akiwa tayari ametangulia mbele. Aliposikia, akageuza baiskeli, akarudi alikotoka, kinyume na mkondo wa mashindano, akampa baiskeli yake. Magne alishinda Tour ya mwaka ule. Vietto alimaliza wa tano.

Nilioneshwa picha hii chuoni, kwenye somo la upigaji picha za habari. Mhadhiri wetu alitaka tujadili mwanga na nafasi ya kamera. Mimi nikawa naangalia lile tundu mbele ya baiskeli, mahali ambapo gurudumu lingekuwa. Nilijua mtu aliyefungua gurudumu lake akanipa mimi. Alikuwa Shinyanga, na muda ule huenda alikuwa amembeba mama mmoja na kapu la dagaa kwenye keria.

*

Niwaeleze kwanza haya mashindano yanavyoendeshwa, maana wengi wetu tumelelewa kwenye mpira na tunadhani baiskeli ni ya kwenda nayo sokoni.

Tour de France huwa na hatua 21 ndani ya siku 23, zenye jumla ya kilomita 3,300 hivi, mara nyingine zaidi. Kila siku muda wa kila mtu unaandikwa na kujumlishwa na wa jana. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye anayevaa jezi ya njano. Kwa hiyo mtu anaweza kushinda Tour nzima bila kushinda hata siku moja. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi, alifanya hivyo mwaka 2017.

Timu moja ina watu wanane, na ndani ya wanane hao mara nyingi ni mmoja tu anayetegemewa kushinda. Saba waliobaki wanafanya nini? Wanamkatia upepo.

Sifanyi mzaha. Kwenye barabara tambarare adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni hewa. Ukienda kasi, hewa inakuwa kama maji, unaisukuma kwa kifua. Anayekaa nyuma yako karibu kabisa, tairi likikaribia tairi, anaokoa kama theluthi moja ya nguvu zake, na akiwa katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Kwa hiyo watu saba wanatangulia kwa zamu na kumeza upepo ili yule mmoja afike mlima wa mwisho akiwa na miguu mibichi. Ndio wanaorudi nyuma kwenye gari la timu kuchukua chupa za maji, wanazijaza ndani ya jezi hadi mgongo unavimba, halafu wanapiga pedeli kuwafikia wenzao na kuwagawia. Kiongozi akipata pancha, wanamsubiri na kumvuta hadi arudi kundini. Kazi ikiisha, wanajitoa pembeni na kufika mwishoni wakiwa wamechelewa hata nusu saa, ila wasipitwe na muda uliowekwa, la sivyo wanafutwa na kesho hawaanzi.

Wafaransa wana jina la mtu huyu. Wanamwita domestique, yaani mtumishi wa nyumbani. Hausiboi, kwa lugha yetu ya mtaani.

Lilianza kama tusi, na aliyelitoa ni mwandishi wa habari kama mimi. Maana Tour yenyewe ni mtoto wa gazeti. Mwishoni mwa mwaka 1902 gazeti lililokuja kuitwa L'Auto lilikuwa linahangaika sokoni, na mwandishi mmoja kijana, Géo Lefèvre, akamshauri mhariri wake, Henri Desgrange, waandae mashindano ya kuizunguka Ufaransa. Mwaka 1903 walianza watu 60, wakamaliza 21, na gazeti likauzika kuliko wakati wowote. Desgrange aliipenda hadithi ya mtu mmoja dhidi ya barabara. Hakutaka kusikia habari za kusaidiana. Mwaka 1911 mwendeshaji mmoja, Maurice Brocco, alipoona nafasi yake ya kushinda imepotea, akaanza kuwasaidia wengine kwa malipo. Desgrange akamdhihaki gazetini kwamba huyo si chochote ila mtumishi wa ndani. Inasimuliwa kwamba hatua iliyofuata Brocco alitoka mbele peke yake akashinda kwa zaidi ya nusu saa. Desgrange akamfuta mashindanoni. Hoja yake ilikuwa hivi: kama una nguvu kiasi hicho, basi jana ulikuwa unauza.

Naipenda sana hadithi hii kwa sababu ya hasira iliyomo. Desgrange angeweza kumvumilia mtu mvivu. Kilichomuudhi ni mtu mwenye uwezo wa kushinda kuamua, au kulazimika, kutumia uwezo huo kwa ajili ya mwingine, na juu yake kudai alipwe.

*

Baba yetu alifariki mwaka 2002. Kaka yangu alikuwa kidato cha pili, mimi darasa la saba. Hakukuwa na kikao cha kuamua nani asome. Siku moja tu kaka hakuvaa sare. Alichukua baiskeli ya baba, Phoenix nyeusi, akampelekea fundi aiongezee spoki na kuweka keria pana yenye sponji, akaingia barabarani.

Kwetu Shinyanga baiskeli za kubeba abiria tuliziita daladala. Mji wetu ni tambarare, na usidhani tambarare ni raha. Miezi ya kiangazi upepo unakuja na vumbi, unakupiga usoni kama mtu anayekurushia pumba. Kaka alikuwa anafunga kitambaa puani. Jioni akirudi, macho yalikuwa mekundu na nyusi zimekuwa za kahawia kama za mzee aliyepaka hina.

Pesa ile ndiyo iliyonunua godoro, tranka, ndoo, jembe na fagio, vyote vilivyokuwa kwenye orodha ya shule ya bweni. Ndiyo iliyolipa ada, michango na nauli. Na siku za kwenda shule, alinipeleka stendi mwenyewe, alfajiri, mimi nimepakata tranka kwenye keria.

Ninachokumbuka kuhusu safari zile ni kwamba sikuwahi kuhisi upepo. Nilikuwa nasikia shati lake likipigapiga na kumwona amejiinamia kwenye usukani, lakini mimi nyuma kulikuwa kumetulia kabisa. Nilidhani asubuhi za Shinyanga ndivyo zilivyo. Miaka mingi baadaye, nikisoma maelezo ya kisayansi kuhusu kujificha nyuma ya mwenzio, nikafunga kompyuta nikaenda kusimama dirishani.

*

Julai 2024 kaka alikuja Dar es Salaam kutibiwa magoti. Alikaa kwangu wiki tatu. Mchana nikiwa kazini alikuwa peke yake na king'amuzi, na akachoka tamthilia siku ya pili tu. Niliporudi jioni moja nikamkuta amekaa ukingoni mwa kochi, anaangalia baiskeli.

"Huyu mweusi anatoka wapi?" akaniuliza.

Ni Biniam Girmay, nikamwambia, wa Eritrea. Mwaka ule alishinda hatua tatu, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua yoyote ya Tour, na akamaliza na jezi ya kijani. Kaka alifurahi, lakini si kwa namna nilivyotarajia. Alitaka kujua ni akina nani waliomleta Girmay hadi mita za mwisho. Sikuwa na jibu. Hata magazeti yetu tuliandika habari ya Girmay tu.

Kumbe yeye alikuwa haangalii washindi. Tangu siku ya kwanza alikuwa ameelewa kitu ambacho mimi nilikielewa kwa kusoma. "Sisi tukitoka Tinde na mizigo tulikuwa tunapokezana hivi hivi," akasema. "Mwenye mzigo mzito anakaa nyuma. Ukichoka unatoa ishara ya kiwiko, unashuka nyuma, mwingine anashika."

Jumapili ya tarehe 14 tuliangalia pamoja hatua ya kwenda Plateau de Beille. Ni karibu kilomita 200, na mlima wa mwisho peke yake una karibu kilomita 16. Timu ya Jonas Vingegaard ilikuwa na mpango mmoja tu: kuvuta kwa nguvu siku nzima ili Tadej Pogačar, mwenye jezi ya njano, achoke. Wakavuta. Kila baada ya muda mmoja wao alikuwa anajitoa pembeni, amekwisha, karibu asimame. Wa mwisho alikuwa Matteo Jorgenson, naye alipomaliza Vingegaard akashambulia. Pogačar akamfuata kama kivuli, na zikiwa zimebaki kilomita tano hivi akampita na kuondoka zake.

Kaka alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili. Nilidhani atasikitika. Akauliza swali moja:

"Sasa wale waliomvuta, watalipwa?"

Nikamwambia ndiyo, wana mikataba. Kuna hata kima cha chini cha mshahara kwa timu za daraja la juu. Ashinde asishinde, mwisho wa mwezi wanapata chao.

"Hata kama waliyemvuta ameshindwa?"

"Hata kama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi hao wako vizuri. Sisi wewe ungefeli, tulikuwa tumekwisha wote."

Alisema bila uchungu, kama anayetaja bei ya mafuta ya taa. Mimi usiku ule sikulala mapema. Katika miaka yote hiyo nilikuwa nimeifikiria hadithi yetu kama hadithi ya upendo, na ni kweli ni ya upendo. Lakini kaka alikuwa anaikumbuka pia kama hesabu. Aliweka kila kitu kwenye miguu ya mtoto mmoja wa darasa la saba, bila mkataba, na akaishi miaka kumi akisubiri matokeo.

*

Hapo ndipo nilipomrudia Vietto, safari hii kwa jicho la mtu aliyefanya kazi kwenye magazeti kwa zaidi ya muongo mmoja.

Ukiangalia matokeo ya 1934, Magne alimshinda wa pili kwa dakika 27. Vietto alimaliza nyuma ya Magne kwa karibu saa nzima. Yaani lile gurudumu na ile baiskeli, kwa hesabu, huenda havikumnyima Vietto ushindi. Lakini picha ilishapigwa. Magazeti yalikuwa na kijana mzuri, mlima na machozi, na sisi waandishi tukipata machozi hatuhesabu dakika. Vietto akawa shujaa wa taifa kwa kile alichotoa. Hakushinda Tour hata mara moja. Mwaka 1939 alikuwa wa pili. Mwaka 1947, Tour ya kwanza baada ya vita, aliishika jezi ya njano kwa siku nyingi na kuipoteza mashindano yakikaribia kuisha. Kila alikokwenda, watu walimkumbuka kwa ukuta ule.

Machozi yana kasoro moja: yanafunga hesabu. Tukishamlilia mtu, tunajiona tumemlipa. Nimekaa kwenye mahafali, harusi na misiba mingi ambako msomi anasimama, anamtaja dada aliyeuza vitumbua au kaka aliyeacha shule, sauti inakatika, ukumbi unapiga makofi na akina mama wanapiga vigelegele. Halafu watu wanakula pilau, na dada anarudi kwenye vitumbua.

Waendesha baiskeli wana desturi ngumu zaidi na ya haki zaidi. Mshindi wa Tour hupata zawadi ya yuro 500,000, na kwa desturi ya siku nyingi hazichukui peke yake. Fedha za zawadi huingia kwenye kapu la timu na kugawanywa kwa wenzake, mara nyingi hadi kwa mafundi na wanaowakanda misuli. Hakuna anayesema mshindi ana moyo wa kutoa. Kila mmoja anachukua chake.

Na mara nyingine zamu inazunguka. Mwaka 2012 Froome alikuwa mtumishi wa Bradley Wiggins. Kwenye mlima wa La Toussuire aliondoka mbele, dunia nzima ikaona kwamba ana miguu kuliko kiongozi wake, halafu akaambiwa kwenye redio ya sikioni apunguze, amsubiri. Akasubiri. Wiggins akashinda, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata zamu ikawa yake.

Kaka yangu zamu yake ilikuwa lini?

*

Mama alifariki mwaka 2023. Kikao cha familia cha kugawa alichoacha kiliahirishwa mara mbili, kikafanyika Desemba 2024, chini ya mwarobaini pale nyumbani. Alikuwepo baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti na mwandishi, shangazi wawili na mjomba.

Baba alikuwa ameacha viwanja viwili. Kimoja ndicho chenye nyumba. Cha pili kilikuwa kitupu, karibu na barabara, na watu wote walijua ni cha kaka. Baba alikitamka kabla hajafa. Mwaka 2009 nilipoingia chuo mkopo haukutosha. Kaka akauza kile kiwanja. Leo kina maduka manne na mashine ya kusaga.

Baba mdogo alipendekeza nyumba iliyobaki igawanywe nusu kwa nusu, kodi ya vyumba tugawane sawa kwa sawa. Wote wakaona ni haki. Siku hizi hata watoto wa kike wanapewa, shangazi akasema, tushukuru Mungu.

Nikaomba kusema. Nikasema kaka alishaingiza kiwanja chake kwenye hesabu miaka 15 iliyopita, na alishaingiza miaka saba ya barabarani kabla ya hapo. Mimi nilishachukua changu: ni hii digrii, ni kazi niliyonayo, ni kochi alilokalia Julai. Kilichobaki ni chake chote.

Kikawa kimya kidogo, kisha shangazi akaanza kufuta machozi. "Mwanangu una moyo," mjomba akasema. "Watoto wa siku hizi hawako hivi." Baba mdogo akavaa miwani, akafungua daftari kubwa la kaunta na kuandika huku akisoma kwa sauti: kwamba binti wa marehemu, kwa hiari yake na kwa upendo, amemzawadia kaka yake sehemu yake ya nyumba.

Nilikuwa natafuta namna ya kumkatiza bila kumvunjia heshima. Kaka akaniwahi. Siku nzima alikuwa hajasema kitu, amenyoosha mguu mbovu juu ya kigoda.

"Baba mdogo, samahani. Hapo kwenye zawadi, futa."

"Nifute niandike nini?"

"Zawadi mtu anaweza kuja kunikumbusha. Andika nimelipwa."

Shangazi akamwangalia kama mtu aliyekosa adabu. Baba mdogo akanitazama mimi juu ya miwani. Nikamwambia ni sawa, aandike hivyo. Akachora mstari juu ya sentensi nzima, akarudia upya chini yake kwa mwandiko wake wa kimisheni, polepole, neno kwa neno. Kaka akasaini kwanza. Kisha akanisogezea kalamu.